Gari la Rimoti Linaloenea Kiganjani

Gari dogo la rimoti ni kifaa cha kuchezea chenye mota, betri na kipokezi cha redio, kinachoendeshwa na mtu aliyeshika rimoti bila waya wowote kati yao. Yale madogo kabisa hayafiki urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima, lakini ndani ya bodi hiyo ya plastiki mna karibu kila kitu kilichomo kwenye gari la kuchezea la nusu mita: gia, ekseli, usukani, saketi na chanzo cha umeme. Ukubwa ndio uliobadilika, na ukubwa huo ndio unaoamua mengine yote, kuanzia dakika linazoweza kukimbia hadi aina ya sakafu linayoweza kupita.

Udogo wake hupimwa kwa uwiano na gari halisi. Gari la barabarani lenye urefu wa mita 4.5 likitengenezwa kwa uwiano wa 1:10 linakuwa na sentimita 45, ambao ni ukubwa wa kawaida wa magari ya wapenzi wa mashindano. Kwa uwiano wa 1:28 linabaki sentimita 16 hivi, kwa 1:64 sentimita 7, na kwa 1:87 kama sentimita 5 tu. Uwiano huo wa mwisho umetoka kwa watengenezaji wa treni za mfano, ambao hutumia reli zenye upana wa milimita 16.5 kuwakilisha reli halisi za milimita 1,435. Hakuna mpaka rasmi, lakini wauzaji wengi huanza kuyaita magari haya madogo yanapofika 1:24 au chini yake.

Kuendesha chombo kwa redio ni jambo la zamani. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo iliyotii mawimbi ya redio, na mwaka huohuo akapewa hataza ya uvumbuzi wake. Hata hivyo ilipita karibu miaka 70 kabla gari la namna hiyo halijafika madukani. Vipokezi vya redio vya zamani vilitumia valvu za kioo, vitu vizito vilivyokula umeme mwingi, na gari la kuchezea lisingeweza kuvibeba. Transista ndizo zilizofungua njia. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Elettronica Giocattoli ya Reggio Emilia, Italia, ilitengeneza gari la umeme la uwiano wa 1:12 kwa mfano wa Ferrari 250 LM, aina iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1965. Mwishoni mwa 1966 lilikuwa limeanza kuuzwa Uingereza, na huhesabiwa kuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya rimoti kufanyiwa biashara ya kweli.

Mchezo ulienea zaidi baada ya Wajapani kuingia. Tamiya, kampuni ya Shizuoka iliyoanza mwaka 1946 ikiwa na biashara ya mbao, ilitoa mwaka 1976 gari la rimoti la uwiano wa 1:12 kwa mfano wa Porsche 934. Katika kuandaa mfano huo kampuni ilinunua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande ili kuona kila sehemu imekaaje. Huo ni umakini ambao hautarajiwi kwa mtu anayeunda kitu cha kuchezea, na ndio uliowafanya watu wazima nao wauchukulie mchezo huu kwa uzito. Lakini magari hayo bado yalikuwa makubwa. Yalihitaji ua, kiwanja au maegesho yaliyo wazi, na betri zake zilichukua muda mrefu kujazwa.

Kilichoyafanya magari yawe madogo kilitoka kwenye tasnia nyingine kabisa, ile ya mawasiliano ya mfukoni. Kabla ya simu za mkononi kuenea, watu wenye shughuli nyingi walitembea na peja, kifaa kidogo cha kupokea ujumbe mfupi kilichotetemeka ujumbe ulipoingia. Mtetemo ule ulitokana na mota yenye unene wa milimita chache, iliyofungwa kipande cha chuma upande mmoja wa mhimili wake. Peja na simu zilipotengenezwa kwa mamilioni, mota hizo zikawa rahisi mno. Ukiondoa kile kipande cha chuma na kuweka gia ndogo mahali pake, una injini ya gari la sentimita 6. Sumaku zenye nguvu za neodimiamu, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ziliwezesha mota ndogo kiasi hicho kuwa na nguvu ya maana. Vipande vya elektroniki vinavyobandikwa juu ya saketi bila kutobolewa matundu vikapunguza ukubwa wa kipokezi. Baadaye betri za lithiamu zilizoundwa kwa ajili ya simu na visikizi vya masikioni nazo zikaingia kwenye magari. Kwa hiyo gari la rimoti linaloenea kiganjani ni mtoto wa simu zaidi kuliko lilivyo mtoto wa yale magari makubwa ya Tamiya.

Mwaka 1999 kampuni ya Kyosho, nayo ya Japani, ilianzisha Mini-Z, gari la uwiano wa 1:28 linalotumia betri nne za AAA, zile nyembamba zinazowekwa kwenye rimoti za televisheni. Hilo liliwafaa watu wazima waliotaka kushindana sebuleni au kwenye ukumbi mdogo, na mashindano yake huitwa Mini-Z Cup. Kisha, mwaka 2001, kampuni ya Tomy ikatoa Bit Char-G, magari ambayo hayakuzidi sana ukubwa wa kiberiti. Mwaka 2002 kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki ya Marekani, RadioShack, ikaanza kuuza ZipZaps, ambayo mnunuzi angeweza kubadilisha bodi, gia na hata mota kwa vidole vyake mwenyewe. Konami, inayojulikana zaidi kwa michezo ya video, ilikuwa na magari yake yaliyotumia miale ya infraredi badala ya redio. Kwa miaka miwili au mitatu vitu hivi vilikuwa homa. Homa ikapoa, kampuni kadhaa zikaacha, lakini mbinu zao zilibaki na viwanda vya China vikazichukua.

Namna magari hayo ya mwanzo yalivyojazwa umeme inastahili kutazamwa kwa karibu. Rimoti ilibeba betri mbili au zaidi za AA, na juu yake palikuwa na kitako chenye vidole viwili vya chuma. Mchezaji aliliweka gari juu ya kitako, vidole vikagusa sehemu mbili za shaba chini ya gari, na umeme ukahama kutoka kwenye betri kubwa za rimoti kwenda kwenye seli ndogo ndani ya gari. Kazi hiyo ilichukua kama dakika moja. Gari lilikimbia kwa dakika chache, kisha likarudi kwenye kitako. Rimoti ilikuwa kituo cha mafuta na chombo cha kuongozea kwa wakati mmoja, na mtindo huo bado unaonekana kwenye baadhi ya magari ya bei nafuu yanayouzwa ndani ya vikopo vya plastiki vilivyoigwa kwa makopo ya soda.

Rimoti inaliambiaje gari la kufanya? Magari mengi ya bei ya chini yametumia jozi ya chipu, moja kwenye rimoti na nyingine kwenye gari, ambazo zinawasiliana kwa kuhesabu. Kitufe kinapobonyezwa, chipu ya rimoti hutuma kwanza mipigo minne mirefu ya redio, kama hodi ya mlangoni, halafu hutuma mipigo mifupi ambayo idadi yake ndiyo amri. Katika jozi mojawapo iliyotumika sana, mipigo 10 ni kwenda mbele, 40 ni kurudi nyuma, 58 ni kushoto na 64 ni kulia. Chipu ya gari huhesabu, hufungua njia ya umeme inayohusika, na kusubiri hodi nyingine. Amri ndefu kuliko zote hutumwa kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hurudiwa muda wote kidole kikiwa juu ya kitufe. Kidole kikiondoka, amri hukoma na gari husimama.

Kubadilisha mwelekeo wa mota kati ya mbele na nyuma hufanywa na transista nne zilizopangwa kwa jozi pande mbili za mota. Jozi moja ya pembe mkabala ikifunguliwa, umeme hupita mota kutoka kushoto kwenda kulia. Ikifunguliwa nyingine, hupita kinyume chake na mota huzunguka upande wa pili. Zikifunguliwa mbili za upande mmoja kwa makosa, betri inakuwa imeunganishwa moja kwa moja na kitu huungua. Fundi anayekuta gari linalokwenda mbele tu na kukataa kurudi nyuma huanza kuangalia hapo.

Masafa ya mawimbi nayo yana mambo yake. Kwa miongo mingi vitu vya kuchezea vimetumia megahezi 27, kwa kuwa sehemu hiyo imetengwa kimataifa kwa matumizi madogomadogo yasiyohitaji leseni ya kituo cha redio. Ulaya iliongeza megahezi 40 na Marekani ikaongeza 49, ndiyo maana sanduku la gari moja huweza kuwa na namba tofauti kulingana na soko lililokusudiwa. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11, na antena inayolifaa vizuri ingekuwa na urefu wa mita mbili na zaidi. Gari la sentimita 6 linabeba kijiwaya cha sentimita chache, na kwa hiyo linasikia vibaya. Mita tano au kumi mara nyingi ndio mwisho wake. Tatizo la pili ni la watoto wawili walionunuliwa magari ya namba moja. Akibonyeza mmoja, yanakwenda yote mawili, na ugomvi hauko mbali.

Magari mapya zaidi yamehamia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi na bluetooth. Hapo wimbi lina urefu wa sentimita 12.5, hivyo antena ya sentimita tatu inatosha kabisa na inaweza kuchorwa juu ya saketi yenyewe. Zaidi ya hapo, rimoti na gari hutambulishana mara ya kwanza vinapowashwa, na kuanzia hapo gari hutii rimoti yake tu. Mifumo mingi pia huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine kwa mpangilio ambao pande zote mbili zinaujua, ili isigongane na vifaa vya jirani. Wazo la kurukaruka hivyo lina historia ya ajabu kidogo: mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani kwa mbinu ya aina hiyo, wakikusudia kuongoza kombora la majini bila adui kuweza kulivuruga. Kwa mfumo huu, magari zaidi ya kumi yanaweza kukimbia kwenye chumba kimoja bila kuingiliana.

Tofauti kubwa kati ya gari la kuchezea na gari la kuendesha haiko kwenye ukubwa wala kwenye bei. Iko kwenye usukani. Katika magari ya vitufe, matairi ya mbele yameshikamana na kipande cha sumaku kilichokaa karibu na koili ndogo ya waya. Koili ikipewa umeme upande mmoja, sumaku huvutwa na matairi hukata kona hadi mwisho. Umeme ukikatwa, yanarudi katikati. Hakuna kukata kona kidogo. Mota nayo huwa imewashwa yote au imezimwa. Mtoto wa miaka sita hafikirii kulalamika, lakini mtu mzima huchoka baada ya robo saa, kwa sababu gari la namna hii haliendeshwi, linarushwa tu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Katika mfumo wa kadiri, rimoti ina gurudumu na kifyatulio badala ya vitufe. Gurudumu likizungushwa kidogo, matairi hukata kidogo. Kifyatulio kikivutwa nusu, gari hukimbia nusu ya mwendo wake. Kwenye usukani hufungwa mota yenye gia pamoja na kipimo kinachoiambia saketi matairi yamefika wapi, na mwendo hudhibitiwa kwa kukata na kurudisha umeme wa mota mara nyingi mno kwa sekunde, kiasi kwamba mota huona kama umeme umepungua. Mini-Z ilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hauwezi kuingia kwenye gari dogo zaidi bila gharama kubwa, ila mafundi wa Ujerumani wanaojenga malori ya 1:87 kwa mikono yao walikuwa wakifanya hivyo kwa subira na kioo cha kukuzia. Sasa yapo magari ya kiwandani ya uwiano wa 1:76, yenye urefu wa sentimita 6 hivi, ambayo yana usukani na mwendo wa kadiri na bei ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuifikiria.

Udogo una hesabu zake. Gari likipunguzwa mara kumi kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hupungua mara elfu, na nafasi ya betri hupungua mara elfu vilevile. Betri ndogo hivyo hubeba umeme kidogo, na mengi ya magari madogo kabisa hayakimbii kwa saa nzima. Upande wa faida, kitu chenye uzito wa gramu chache hakina nguvu ya kujiumiza. Gari la sentimita 6 likidondoka kutoka mezani mara nyingi hugeuka tu na kuendelea, wakati gari la kilo mbili lingevunja mkono wa tairi. Sakafu ndiyo adui. Mfereji kati ya vigae viwili, ambao mtu hauoni, kwa gari hilo ni shimo la barabarani, na mkeka ni uwanja wa matope. Unywele mmoja unaozunguka ekseli unatosha kulisimamisha, na gari lililozimika ghafla hustahili kuangaliwa ekseli zake kwa kibano kabla ya kitu kingine chochote.

Wauzaji hupenda hesabu nyingine, ile ya mwendo wa kulinganisha. Gari la 1:64 linalokwenda mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea taratibu, huandikiwa kilomita 230 kwa saa kwa sababu mwendo wake umezidishwa mara 64. Tarakimu hiyo ni ya kuuzia, na haina maana kwa mtu anayeendesha.

Betri za lithiamu zinataka uangalifu zaidi kuliko zile za zamani. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida, hujazwa hadi 4.2, na ikiachwa ishuke chini ya volti 3 hivi huharibika isirudi. Kwa hiyo gari linalowekwa kabatini kwa miezi lisiwekwe likiwa limekwisha umeme. Chaja yake huwa ni waya wa USB wenye saketi ndogo ya kukata umeme seli inapojaa, na seli iliyovimba haifai kujazwa tena hata kama bado inafanya kazi. Betri kavu za kawaida zisizo za kuchaji zisiwekwe kwenye chaja kamwe.

Sehemu kubwa ya magari haya hutoka China, na humo wilaya ya Chenghai katika mji wa Shantou, jimbo la Guangdong, inajulikana kwa wingi wa viwanda vya vitu vya kuchezea. Kutoka huko yanaingia kwenye maduka ya Kariakoo na mitaa ya biashara ya Nairobi na Mombasa, mengi bila jina la kampuni wala vipuri. Hapo ule undugu na simu unasaidia. Fundi simu anayejua kuchomelea kwa risasi anaweza kubadilisha waya uliokatika, seli iliyochoka au mota iliyoungua, maana vitu vya aina hiyo amevishika kila siku.

Kwa watoto wadogo kuna hatari mbili zisizohusu umeme wa ukutani. Matairi na vipande vingine vidogo vinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Hatari kubwa zaidi ni betri za mviringo zinazofanana na kifungo cha shati, ambazo baadhi ya rimoti hutumia: ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa mbili, na mtoto huyo apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Skrubu inayofunga kifuniko cha betri imewekwa kwa sababu hiyo, na mzazi asiitupe kwa kuona inamchelewesha.

Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu asome kwanza masafa yaliyoandikwa kwenye sanduku. Akitaka magari mawili ya kucheza pamoja, achukue ya gigahezi 2.4, au ahakikishe moja ni la megahezi 27 na jingine la 40 au 49. Kisha atazame rimoti. Yenye vitufe inamtosha mtoto anayeanza. Anayetaka kujifunza kuendesha kweli atafute yenye gurudumu na kifyatulio, na ajaribu dukani kama matairi yanafuata gurudumu hatua kwa hatua, kwa kuwa zipo rimoti za gurudumu ambazo ndani yake ni vitufe vilevile.